Jopo limekuwa jukwaa. Lini litakuwa chuo?

Saa sita usiku, Dar es Salaam. Nimefunga mlango wa chumba cha watoto, nimepunguza feni, nimekaa mezani mbele ya laptopu. Jopo lilipangwa saa kumi jioni kwa saa za New York, na wakati wa baridi yao hiyo ndiyo saa sita yetu ya usiku. Mada ilikuwa ushairi wa kale wa pwani ya Afrika Mashariki. Wawasilishaji walikuwa wanne. Watatu walikuwa ofisini mwao, rafu za vitabu nyuma ya mabega. Wa nne alikuwa mwanafunzi wangu wa uzamivu, yuko Lamu kwa bibi yake, amekaa barazani kwa sababu ndani ya nyumba ile ya kuta za matumbawe mtandao haushiki.

Alipewa dakika 12. Dakika ya sita picha yake iliganda, mdomo wazi, mkono hewani. Akatoweka. Aliporudi alikuwa amezima kamera na kuazima bando la simu ya dada yake, na mwenyekiti wa kikao akamwambia kwa upole kwamba zimebaki dakika mbili. Akaruka kilichokuwa moyo wa mada yake, beti nane alizozinakili mwenyewe kutoka kwenye madaftari ya bibi, na kwenda moja kwa moja kwenye hitimisho. Wakati wa maswali aliulizwa jambo moja tu: ana mpango gani wa kuziweka picha za madaftari hayo mtandaoni? Hakuna aliyeuliza beti zinasema nini. Siku tatu baadaye alipokea cheti cha ushiriki kwa barua pepe.

Nimelifikiria jopo lile kwa miezi mingi, na siwezi kusema kwamba lilikuwa baya. Kijana aliyekaa barazani Lamu alisikika na watu walioko Marekani, Ujerumani na Japani bila kupanda ndege. Baba yake angetamani nafasi ya namna hiyo asiipate. Lakini kusikika ni jambo moja, na kulelewa uwe mtafiti ni jambo jingine. Nadhani tangu 2020 tumeyachanganya mambo haya mawili. Tumepata majukwaa mengi, tukayaita mafunzo, na vijana wetu wanamaliza shahada wakiwa na vyeti vingi vya ushiriki na mikono michache iliyowahi kusahihisha kazi zao.

Faida niitaje kwanza, tena bila ubahili. Taaluma za maeneo, yaani zile zinazochunguza Afrika au Asia au Mashariki ya Kati kama eneo lenye lugha, historia na fasihi yake, zimekuwa na kasoro ya tangu kuzaliwa: mikutano yake mikubwa hufanyika mbali na maeneo yenyewe. African Studies Association, chama kikubwa kuliko vyote vya wasomi wanaochunguza Afrika kule Marekani, kilianzishwa 1957, na mkutano wake wa mwaka kwa kawaida huzunguka miji ya Marekani. Mwaka 2023 ulikuwa San Francisco, mwaka 2024 Chicago. Msomi wa Bujumbura au wa Zanzibar anayetaka kuzungumzia Burundi au Zanzibar huanzia ubalozini. Anayekwenda Ulaya hulipa ada ya viza ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ni yuro 90, na akinyimwa harudishiwi. Uingereza nako, ripoti ya wabunge wa vyama mbalimbali iliyotoka Julai 2019 ilionyesha kwamba waombaji viza kutoka Afrika walikuwa wakikataliwa zaidi ya mara mbili ya waombaji wa sehemu nyingine za dunia. Na Juni 2025 Marekani iliwafungia mlango raia wa Somalia na kuwabana wa Burundi, nchi mbili ambazo Kiswahili kina wenyewe huko, kuanzia Barawa, kwenye pwani ya Somalia, hadi Buyenzi, mtaa wa Bujumbura.

Kwa hiyo janga la korona lilipoulazimisha mkutano wa 2020 wa chama kile kuhamia mtandaoni, mlango ulifunguka kwa watu ambao hawakuwahi kuufikia. Nawajua walimu wa vyuo vya mikoani waliowasilisha mada yao ya kwanza ya kimataifa mwaka ule, wakiwa na zaidi ya miaka hamsini, wamevaa suti juu na kikoi chini ya meza. Furaha ile ilikuwa ya kweli. Yeyote anayetaka kurudisha kila kitu hotelini kwa hoja kwamba mazungumzo ya kwenye kahawa ndiyo yenye thamani, akumbuke kwamba kahawa ile hunywewa na mwenye viza.

Lakini tuangalie mazungumzo haya yalipotoka, maana swali la nani anasema na nani anafundishwa ni la zamani kuliko Zoom.

Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika seminari ya lugha za Mashariki, iliyokuwa imefunguliwa 1887 kuwaandaa maofisa wa Kijerumani. Aliandika kurasa nyingi kuhusu desturi za Waswahili: ndoa, mazishi, uganga, biashara ya bara. Kurasa hizo zilichapwa 1903, na jina lililotangulia katika maktaba za Ulaya likawa la Carl Velten, mhariri. Kabla yake, Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikusanya mashairi ya Muyaka, mshairi mkubwa wa mji huo, kutoka vinywani mwa wazee, akamfunza mmisionari W. E. Taylor kuyasoma, na hati zile leo ziko London. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki 1945, alinakili tenzi kwa mkono wake mzuri wa kalamu kwa ajili ya watafiti wa Ulaya: Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Ukienda kwenye maktaba ya SOAS, chuo cha London cha masomo ya Asia na Afrika, au ya Hamburg ukaomba hati ya Kiswahili, kuna uwezekano mkubwa utakuwa unatazama mwandiko wa Kijuma.

Nawataja wazee hawa kwa sababu moja. Wale wageni waliokuja kuwa wataalamu wakubwa wa Kiswahili hawakupata utaalamu kwenye kongamano. Waliupata kwa kukaa. Taylor alikaa na Sikujua. Werner alikaa Lamu na Mombasa. Neno kwa neno, ubeti kwa ubeti, mtu anayejua alimsahihisha mtu asiyejua. Pwani ilikuwa chuo chao, na walimu walikuwa wetu. Ulipofika wakati wa sisi wenyewe kulea watafiti wetu, mfano uliokuwa mbele yetu ni wa Marekani: sheria ya elimu ya 1958, iliyopitishwa baada ya Warusi kurusha Sputnik Oktoba 1957, ikamwaga fedha kwenye lugha na vituo vya maeneo. Wakati huo lugha yetu ilikuwa na faida kwao. Mwaka 2025 fedha za vituo vile zilisitishwa, na vyuo vikahangaika. Chuo kinachoendeshwa kwa mahitaji ya ulinzi wa nchi nyingine hufungwa mahitaji hayo yakibadilika.

Wala Waafrika na wajukuu wa Afrika hawakukaa kimya. Mwaka 1969, katika mkutano uliofanyika Montreal, Kanada, wasomi weusi walivamia vikao vya African Studies Association wakidai nusu ya uongozi, kwa kuwa haiwezekani Afrika ijadiliwe huku Waafrika wamekaa kwenye viti vya nyuma. Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin aliyefariki Februari 2024, alitumia maisha yake kueleza jambo hilo kwa upande wa kazi yenyewe: huku kwetu tunakusanya malighafi, kule nadharia inatengenezwa, kisha tunaiagiza. Nikilikumbuka lile swali moja aliloulizwa mwanafunzi wangu, namsikia Hountondji. Waliomuuliza walitaka malighafi. Walikuwa watu wema, na nina hakika hawakujua kwamba ndicho walichokuwa wakifanya.

Sasa nije kwenye mafunzo. Warsha za mtandaoni kwa watafiti chipukizi zipo tele, na nyingi ni za bure. Namna ya kuandika ikisiri. Namna ya kuomba ufadhili. Programu za kupanga marejeleo, programu za kuchambua mahojiano, namna ya kukwepa majarida ya kitapeli. Nimehudhuria, nimefaidika, na huwatuma wanafunzi wangu. Ila sijawahi kuona hata moja inayofundisha kile kilichonifanya mimi niwe mtafiti, na hicho nilikipata kwa aibu.

Nilikuwa mwanafunzi wa umahiri. Mwalimu wangu alinichukua hadi Pangani kwa bibi mmoja aliyejulikana kwa nyimbo za harusi. Tulikaribishwa mkekani. Mwalimu akasema, "Shikamoo, mama." Bibi akaitika marahaba, akaanza kuulizia njia, watu wa Dar, mvua. Mimi katikati ya salamu nikatoa kinasa sauti, nikakiweka mbele yake, nikabonyeza. Mwalimu aliweka mkono juu ya goti langu, hakusema kitu. Bibi alikitazama kile kidude chenye taa nyekundu, akafunga mdomo. Tulikunywa chai tukaondoka. Kesho yake tulirudi mikono mitupu. Alikuwa anapepeta mchele, mwalimu akavuta kiti cha mbuzi pembeni yake akaanza kuchagua chuya. Mimi pia. Baada ya nusu saa bibi akaanza kuimba, si kwa ajili yetu, kwa ajili ya ungo. Jioni ile mwalimu alinikalisha gesti nikaandika kila nilichokumbuka, kisha akasoma na kalamu nyekundu: hapa umeweka neno la Dar, yeye hakusema hivyo, hapa umeruka mstari, hapa, alipocheka, mbona hukuandika kwamba alicheka?

Kalamu ile nyekundu ndiyo mafunzo. Nayo ndiyo inayopungua vyuoni kwetu, hata kabla ya mtandao kuja. Mahmood Mamdani alipochukua uongozi wa taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere mwaka 2010, alilia juu ya ugonjwa wa kazi za ushauri: wasomi wetu wamegeuka wakusanyaji wa majibu ya maswali yaliyoulizwa na wafadhili, na hakuna anayebaki na muda wa kumfundisha kijana kuuliza swali lake. Mwaka 2012 akaanzisha uzamivu unaoanza na miaka ya kusoma darasani, pamoja, kwa ubishi, kabla ya mwanafunzi kuruhusiwa kwenda uwandani. Watu wamebishana naye kwa mengi, lakini kwa hilo alishika penyewe. Msimamizi mwenye wanafunzi wengi kupita kiasi, vipindi vya shahada ya kwanza kila siku na ripoti ya mradi inayodaiwa Ijumaa hana jioni ya kukaa gesti na kalamu. Ndiyo maana warsha ya mtandaoni inapotolewa kama mbadala tunaipokea haraka. Inatupunguzia deni.

Je, malezi ya namna hiyo yanaweza kufanyika mtandaoni? Wenzangu wengi husema hapana. Wanasema uwandani ni uwandani, na kijana hawezi kufundishwa kunyamaza mbele ya mzee kwa kupitia skrini. Kwa sehemu ni kweli. Hakuna bando litakalofundisha kupepeta mchele. Lakini nimeona kitu kilichonibadilisha mawazo, na napenda nikieleze kwa utulivu.

Kila Alhamisi saa mbili usiku tunakutana watu saba. Mmoja Mombasa, mmoja Lamu, wawili Zanzibar, mmoja Leipzig, mimi Dar es Salaam, na wa saba ni mzee aliyezaliwa Unguja ambaye sasa anaishi Muscat, kama walivyo Wazanzibari wengi waliohamia Oman baada ya 1964 na hasa baada ya 1970. Mzee huyu hana shahada. Alisoma chuoni, kwa maana ile ya zamani. Kwa lugha ya tenzi chuo ni kitabu, mitaani kwetu chuo ni pale mtoto anapofundishwa Kurani, na leo ndilo jina tulilowapa Makerere na Dar es Salaam. Mzee anasoma Kiswahili cha hati za Kiarabu kama mimi ninavyosoma gazeti. Ndiye mwalimu wetu.

Picha ya ukurasa mmoja hutumwa WhatsApp tangu Jumatatu. Alhamisi tunazima kamera zote, maana kikao cha video kikijaa watu hula karibu GB 1 kwa saa na zaidi, na sauti peke yake hula kidogo sana. Mmoja anasoma, wengine wanasikiliza. Akikosea, mzee anasema, "Rudi nyuma, mwanangu."

Wiki moja tulikwama kwenye neno moja. Hati za zamani zilitumia alama tatu za irabu kwa lugha yenye irabu tano, kwa hiyo i na e huandikwa sawa, kwa alama iitwayo kasra. Kaf yenye kasra, te yenye kasra: unaweza kusoma kiti, unaweza kusoma keti, unaweza kusoma kete. Ubeti ulikuwa unazungumzia watu waliokusanyika kwenye bao. Kijana wa Zanzibar akasoma "kiti," ikaleta maana. Wa Mombasa akasema "keti," ikaleta maana zaidi, kwani wachezaji wa bao si huketi? Tukabishana. Kikao cha bure cha Zoom hukatika baada ya dakika 40, nasi tulitoka na kuingia tena mara mbili kwa sababu ya neno lile. Mzee alituacha tuchoke, kisha akauliza: "Kina cha mstari uliotangulia ni nini?" Tukatazama. Neno lilikuwa na alif, lam na te, na kasra mbili. Aliti si Kiswahili. Aleti si Kiswahili. Alite pia. Haisomeki ila "alete." Basi kina ni -ete, na neno letu ni kete, zile mbegu za bao zenyewe. Mwenzetu wa Leipzig, ambaye ana uzamivu na ameandika kuhusu hati hizi, alisema kwamba katika miaka yake yote hakuna aliyewahi kumwonyesha njia hiyo hatua kwa hatua.

Hiyo ni kalamu nyekundu. Ilipita baharini, kwa bando la kawaida, bila cheti.

Tofauti ya kikao chetu na lile jopo la saa sita usiku haiko kwenye teknolojia, kwa kuwa programu ni ileile. Iko kwenye idadi ya watu, urefu wa muda, lugha, na nani amekaa kwenye kiti cha mwalimu. Jopo la wawasilishaji wanne kwa dakika 90, na wasikilizaji 80 waliojizima sauti, limejengwa kwa ajili ya kuonyesha kazi iliyokwisha. Kijana ambaye kazi yake bado inapikwa hafaidiki nalo sana. Laiti mada zingesambazwa wiki mbili kabla, na kila mwasilishaji akapewa mtu mmoja tu aliyekubali kuisoma kazi yake yote na kumwandikia kurasa mbili za maoni, jopo lilelile lingegeuka darasa. Wenzetu wa ng'ambo hujibu kwamba wana kazi nyingi. Naamini. Lakini kusoma kurasa 20 za kijana wa Lamu ni kazi ndogo kuliko safari ya siku nne kwenda mkutanoni, nayo walikuwa wanaifanya kila mwaka.

Kuhusu saa, siwezi kulipitia jambo hili juu juu. Anayepanga saa ndiye mwenye kikao. Wakati wa baridi, saa nane mchana ya California ni saa saba usiku ya Nairobi. Kuna mama mmoja, mhadhiri, aliyeniambia kwamba ameacha kuomba nafasi kwenye majopo hayo kwa sababu hawezi kuzungumza kwa sauti saa saba usiku katika nyumba ya vyumba viwili. Watu wa Chicago wakiamka mapema kidogo, saa mbili asubuhi yao, kwetu ni saa kumi na moja jioni wakati wa baridi yao. Inawezekana. Inahitaji tu aliyeko huku awe mmoja wa waandaaji, asiwe mwalikwa siku zote.

Lugha nayo. Umoja wa Afrika ulipitisha Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi Februari 2022, na UNESCO ilikuwa imeshakipa siku yake, 7 Julai. TATAKI, yaani Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hupokea tasnifu za uzamivu zilizoandikwa kwa Kiswahili. CHAUKIDU, Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani, huendesha makongamano yake kwa Kiswahili na watu wanabishana kwa kina bila kukosa msamiati. Halafu bado kijana anatakiwa aelezee utenzi wa bibi yake kwa Kiingereza, kwa dakika 12, mbele ya watu ambao karibu wote wamejifunza Kiswahili na wangemwelewa. Mtu anapowasilisha kwa lugha ya pili hutumia nusu ya akili kuchunga sarufi. Maswali magumu, yale yanayomkomaza mtafiti, huulizwa kwa lugha ambayo muulizaji na mjibuji wote wako huru ndani yake.

Kisha kuna suala la mahali vitu vinapokaa. Hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu, ulioasisiwa na Habib Swaleh, zilipigwa picha kwa ufadhili wa programu ya British Library ya kuhifadhi kumbukumbu zilizo hatarini. Ni kazi njema sana, na nimewapa wanafunzi kiungo chake mara nyingi. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao walivamia mifumo ya British Library, na makusanyo yale yakawa hayafunguki kwa muda mrefu. Mwanafunzi wa Lamu alikuwa anatembea kwa miguu kupita karibu na msikiti zilipo hati zenyewe, huku picha zake zimefungiwa kwenye mitambo iliyoanguka London. Tangu hapo namwambia kila anayepiga picha hati: nakala ya kwanza ibaki kwenye nyumba ya mwenye hati, ya pili iende maktaba ya karibu, na ya London iwe ya tatu. Lile swali aliloulizwa kijana, ana mpango gani wa kuziweka picha mtandaoni, jibu lake linaanzia hapo: bibi amesemaje?

Nao mtandao wetu wenyewe ni uzi mwembamba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini, na sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ikabaki inatambaa kwa siku kadhaa. Anayeandaa mafunzo bila kulijua hilo atamwona kijana wa Mtwara kuwa mzembe. Sisi tunaoishi nao tunajua dawa yake: ukurasa utumwe mapema, maoni yaandikwe, asiyefika atume sauti ya WhatsApp, na kikao kirudiwe. Bando nalo lilipwe. Nimeona bajeti za warsha zenye fungu la msanifu wa matangazo lakini zisizo na shilingi ya bando la mshiriki.

Sheria zetu pia zinatupa mkono, tukitaka kuutumia. Mgeni anayekuja kufanya utafiti Tanzania hupata kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, na hutakiwa awe na mshirika wa hapa. Kenya vibali hutolewa na NACOSTI, tume ya huko ya sayansi. Mara nyingi mshirika huyo huweka saini, humpokea mgeni uwanja wa ndege, na jina lake hutajwa kwenye shukrani. Natamani tungedai zaidi: kila mradi wa namna hiyo uendeshe kikundi cha kusoma cha watu saba au wanane, kwa mwaka mzima, mtandaoni, nusu yao wakiwa wanafunzi wa vyuo vyetu, na angalau mmoja awe mzee asiye na shahada anayelipwa kama mhadhiri mgeni anavyolipwa. Gharama yake si kubwa. Mradi ukiisha, kikundi kinaweza kubaki.

Mwanafunzi wangu sikumwambia lolote kuhusu jopo lile. Nilimwambia tu alete zile beti nane Alhamisi. Alizisoma zote, polepole, bila mtu kumtazamia saa. Kwenye ubeti wa tano mzee wa Muscat alimsimamisha. Mama yake Unguja alikuwa akiusema ubeti huo, akasema, lakini si kwa neno hilo la mwisho. Akautoa kama anavyoujua. Kijana akakaa kimya kidogo, kisha tukasikia hatua zake, mlango, sauti ya mtu anaamshwa taratibu. "Bibi yupo hapa," akasema. "Nimpe simu?"

Tulizima maiki zetu sote. Bibi alisalimia kwanza, akaulizia Muscat, akaulizia joto la huko na watoto. Mzee akajibu kimoja kimoja. Zilikuwa zimebaki dakika 11, na mwenzetu wa Mombasa alikuwa ameshaanza kuandaa kiungo kipya.